Pesa Imekatwa, Oda Haionekani

*Wafanyabiashara wa Simiyu wanaoingia katika biashara ya mtandaoni hushughulika sana na picha za bidhaa na urembo wa ukurasa. Malipo aghalabu hujaribiwa mara moja tu, kwa simu ya fundi, jioni ya kuamkia ufunguzi.*

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Mwalimu wa shule ya msingi aliyeko Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, amefungua katika simu yake duka la mtandaoni la mfanyabiashara wa Bariadi mjini, akachagua dumu la lita tano la mafuta ya alizeti, akaandika namba yake ya simu, akabonyeza palipoandikwa "Lipia". Na baada ya sekunde chache simu ikatetemeka, kikatokea kisanduku kinachomtaka aweke namba ya siri, naye akaiweka.

Ujumbe ukaingia kwamba shilingi 30,000 zimekatwa. Lakini ukurasa wa duka, uliokuwa muda wote huo ukizungusha kiduara chake, ukamwambia kuwa malipo hayakupokewa, tafadhali ajaribu tena. Naye, kwa kuwa ni muungwana na mafuta anayataka, akajaribu tena, na zikakatwa 30,000 nyingine.

Mwalimu huyu na duka hili tumewatunga sisi, ili msomaji auone mwendo wa jambo. Bali mkasa wenyewe haukutungwa hata chembe, maana ni wachache miongoni mwa watu wanaolipa kwa simu ambao hawajapata kusema, au kumsikia jirani akisema, kwamba pesa imekatwa na haijafika.

Swali letu wiki hii si kwa nini mtandao husumbua, kwani mtandao utasumbua leo na kesho. Swali ni hili: yule aliyelijenga duka, kabla ya kulitangaza kwa watu, je, alipata kulijaribu siku ambayo mtandao unasumbua?

Mkoa uliozoea kungoja malipo

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, ukiwa na wilaya tano, yaani Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Na sensa ya 2022 iliwahesabu watu wake 2,140,497, ambao walio wengi huishi kwa jembe na mifugo, na zao lao la fedha, tangu zama za wazee wao, ni pamba.

Pamba ndiyo iliyowafunza watu wa hapa maana ya kutoa mali leo na kungoja thamani yake kesho. Msimu wa 2019, bei elekezi ilipowekwa shilingi 1,200 kwa kilo ilhali bei ya dunia inateremka, wanunuzi walisuasua, na wakulima wengi wakakaa muda mrefu wakidai fedha za pamba iliyokwisha kupimwa, kupokewa na kuchukuliwa. Mtu aliyeonja hayo si wa kuambiwa "subiri, mfumo unashughulikia" akatulia.

Hata hivyo mkoa huu haukubaki na pamba peke yake. Chaki za Maswa na maziwa ya Meatu, kazi ya vikundi vya vijana, ziliutangaza kwa namna nyingine. Na viwanja vya Nyakabindi, vilivyopokea maonesho ya Nanenane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, viliwaonjesha wazalishaji utamu wa kumuuzia mteja asiyekuwa jirani yao. Kutoka hapo hadi kutamani duka lisilofunga milango, linalouza usiku na mchana kwa mtu wa Mwanza na wa Dodoma, ni hatua moja.

Na njia ya kulipia ipo tayari. M-Pesa iliingia Tanzania mwezi Aprili 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya. Mwaka 2014 kampuni za simu zikaanza kufungamanisha huduma zao hata pesa ikaweza kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Mwaka 2015 ikapatikana Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Na tangu 2017 ada na tozo za Serikali zikaanza kupita katika mfumo mmoja kwa kile ambacho kila mtu sasa hukiita kontroo namba. Mkulima asiyepata kukanyaga benki anajua salio, wakala, namba ya siri na lipa namba.

Biashara ya mtandaoni nayo ipo, ila kwa sehemu kubwa ni ya WhatsApp na Instagram: muuzaji anaweka picha, mnunuzi anauliza bei, wanapatana, pesa inatumwa, na mnunuzi anapiga picha ya ujumbe wa muamala kuwa ndiyo stakabadhi. Upungufu wa ithibati ya namna hiyo hauhitaji kuelezwa katika nchi ambayo kila mwenye simu amepata kuletewa ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Ndiyo maana wenye nia ya kukua wanataka duka lenyewe, lenye kikapu chake, hesabu zake na mlango wake wa malipo.

Safari ya shilingi 30,000

Ili kufahamu ni wapi pesa ya mwalimu ilipotelea, sharti tuifuate njia yake. Alipobonyeza "Lipia", ukurasa haukugusa akiba yake hata kidogo. Ulipeleka maombi kwa kampuni ya kupitishia malipo, nayo ikayafikisha kwa kampuni ya simu, na kampuni ya simu ndiyo iliyomletea kile kisanduku cha namba ya siri. Baada ya yeye kuridhia, pesa ikahama, kisha jawabu likarudi kwa njia ile ile, nyuma kwa nyuma, hadi kwenye seva ya duka, ili oda iandikwe kuwa imelipwa.

Pesa, basi, huenda kwa safari moja, na habari ya pesa hurudi kwa safari nyingine. Safari ya kwanza ikifaulu na ya pili ikavunjika, kwa umeme kukatika, kwa seva kulemewa, au kwa fundi kuandika vibaya anwani ya kupokelea majawabu, duka litakuwa limelipwa lisijue kuwa limelipwa.

> Pesa huenda kwa safari moja, na habari ya pesa hurudi kwa safari nyingine.

Kosa la duka la mwalimu wetu halikuwa kukosa jawabu, maana hilo laweza kumpata yeyote. Kosa lilikuwa kujiamulia kwamba kukosa jawabu ni kukosa malipo. Kati ya "imelipwa" na "haikulipwa" kuna hali ya tatu, nayo ni "haijulikani bado", na duka lililojengwa kwa hadhari, likifika hapo, humzuia mteja asilipe tena, huirudia kampuni ya malipo na kuuliza habari za oda ile kwa namba yake ya pekee, na humwambia mteja ukweli: tumeona ombi lako, tunahakikisha, usilipe mara ya pili.

Kuijaribu hali hiyo si kazi ya siku nzima. Fundi huzima makusudi mlango wa kupokelea majawabu, hulipa shilingi 500, hungoja, kisha hutazama duka litasema nini. Akiona limeandika "haikufaulu", amepata kazi ya kufanya kabla ya kupata aibu.

Majaribio yasiyo na vumbi

Kampuni nyingi za kupitishia malipo humpa fundi mazingira ya majaribio, ambamo pesa si pesa, namba za simu ni za kuigiza, na majawabu hurudi hima. Ni jambo jema, na hapana haja ya kulidharau, maana ndimo mtu anamojifunza bila ya kuhatarisha mali ya wenzake. Lakini mazingira hayo hayana vumbi la Bariadi, wala mnada, wala wakala aliyeishiwa salio, wala mzee mwenye kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe.

Chukua mambo ya kila siku. Mtu mmoja huandika namba yake kwa kuanzia na sifuri, mwingine kwa 255, mwingine kwa alama ya kujumlisha, mwingine huacha nafasi katikati. Na duka likikubali namna moja tu, wengine wote wataambiwa kuwa namba zao ni batili, ilhali ndizo wanazopigiwa kila siku.

Kijana wa Ngulyati anaagiza kwa simu yake kubwa, lakini salio liko kwenye kitochi cha baba yake. Kisanduku cha namba ya siri hufika hata kwenye kitochi, hivyo malipo yanawezekana kabisa. Ila je, duka linaruhusu namba ya mlipaji iwe mbali na namba ya mpokea mzigo, au limefunga kuwa ni moja? Na yule ambaye salio lake halitoshi, akaenda kwa wakala kuweka pesa, akakuta foleni, akarudi baada ya nusu saa, atakuta kikapu chake kingalipo?

Kisha kuna majina. Katika nchi ya Wasukuma, mtu aitwaye Ng'wandu, au akaaye kata ya Ng'hoboko kule Meatu, huandika jina lake na kale kaalama kanakoelea baada ya g. Na alama hiyo hiyo, katika lugha nyingi za hifadhidata, ndiyo inayofunga maneno, kama nukta ifungavyo sentensi. Fundi aliyejaribu duka lake kwa jina la "Test Test" hataliona tatizo hilo kamwe. Mnunuzi wa kwanza mwenye jina la kwao atabonyeza "Lipia" na kurudishiwa ukurasa mweupe; na jambo lililo baya zaidi ni kwamba mlango uliovunjika kwa alama moja ya bahati mbaya ndio huo huo ambao mwizi wa mitandao huupitia kwa kusudi.

> Fundi aliyejaribu duka lake kwa jina la "Test Test" hatamwona Ng'wandu mpaka siku ya ufunguzi.

Senti nazo zina fitina yake. Hapa petu hakuna anayelipa senti, lakini programu nyingi za maduka zilitungwa kwa ajili ya dola, na baadhi ya milango ya malipo hutaka kiasi kihesabiwe kwa senti. Kwa hiyo 15,000 yaweza kutoka dukani ikafika upande wa pili ikiwa 1,500,000, au ikageuka 150. La kwanza litakataliwa kwa kukosa salio na mteja atacheka. La pili litakubaliwa, na mwenye duka hatacheka.

Na anwani: fomu zililetwa kutoka ng'ambo zikamtaka mtu ataje "state" na "ZIP code". Ni kweli kwamba operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliweka namba katika nyumba na majina katika mitaa, lakini mzigo uendao Mwanhuzi kule Meatu bado huenda kwa basi, na anachohitaji mpelekaji ni jina la stendi na namba ya simu inayopatikana. Duka lisilo na mahali pa kuandika hayo litapokea pesa na kushindwa kuufikisha mzigo, nako ni kushindwa kule kule.

Wanaotaka kufungua, wanaotaka kungoja

Wapo wasemao kwamba hadhari yote hii ni anasa ya watu wa miji mikubwa. Hoja yao si ya kupuuzwa: mtaji ni mdogo, fundi analipwa kwa kazi nzima na si kwa siku, na fedha ya pamba huzunguka kwa miezi michache tu ya mwaka, hata anayechelewa kufungua mwezi wa sita au wa saba huenda akawafungulia wateja ambao mifuko yao imekwisha kupwa. Wao husema, fungua, uza, na palipoharibika patengenezwe.

Husema pia kwamba mteja wa Bariadi anamjua muuzaji kwa sura. Pesa ikikwama, atapiga simu au atakuja mwenyewe dukani mtaa wa Malambo, na mambo yatamalizwa kwa maneno.

Wa upande wa pili, nao aghalabu ni watunza hesabu, hujibu kwamba hoja hiyo inasimama kwa mteja wa Malambo na kuanguka kwa mteja wa Dodoma, ambaye ndiye hasa aliyefunguliwa duka la mtandaoni. Zaidi ya hayo, oda tano zenye hitilafu hurekebishwa kwa daftari na kalamu. Oda mia zenye hitilafu, baada ya tangazo moja kusambaa, humtaka karani wa kukaa wiki nzima akilinganisha ujumbe wa simu na orodha ya duka, ilhali wateja wanampigia bila kukoma.

Mwandishi wa makala haya yuko pamoja na watunza hesabu, ila kwa sharti moja: majaribio yasigeuzwe kuwa kisingizio cha kutofungua kabisa. Kuna wenye maduka wanaobadilisha rangi ya kitufe mwezi baada ya mwezi wakaiita kazi hiyo majaribio.

Kosa hili, hata hivyo, si la wanyonge tu. Serikali ya Marekani ilifungua tarehe 1 Oktoba 2013 tovuti ya kuwaandikishia raia bima ya afya, na nyaraka za siku zile zikaonesha kwamba waliofaulu kujiandikisha siku ya kwanza walikuwa watu sita. Benki ya TSB ya Uingereza, ilipohamisha hesabu za mamilioni ya wateja mwezi Aprili 2018, iliwafungia wengi wao nje ya fedha zao. Uchunguzi ukabaini kuwa mfumo ulikuwa na vituo viwili vya kuhifadhi data na majaribio ya uwezo yalifanywa katika kimoja tu, na mwezi Desemba 2022 ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Wale walikuwa na fedha ya kujaribu vyote viwili.

Jaribio linalosahauliwa

Katika yote yanayopasa kujaribiwa, lipo moja ambalo mafundi wengi hulipita kwa sababu halileti faida: kurudisha pesa. Kupokea hujaribiwa kwa furaha, mara kwa mara, na watu huoneshana ujumbe. Ila ni nadra kumkuta mtu aliyekaa kabla ya ufunguzi akaagiza dumu la mafuta, akalilipia, akaighairi oda, kisha akahesabu ni saa ngapi zimepita hadi shilingi zake zikarudi, zimerudi zote au zimepungua makato, na ni nani aliyebeba makato hayo.

Nasema hili ndilo jaribio la kwanza kwa uzito, japo kwa mpango laweza kuwa la mwisho. Duka likijua kurudisha, makosa mengine yote yana dawa. Mwalimu wa Lagangabilili aliyekatwa mara mbili atarudishiwa 30,000 moja kabla ya jua kuchwa, na pengine atanunua tena. Duka lisilojua kurudisha hufanya kila hitilafu kuwa dhuluma, hata kama mwenye duka ni mtu wa swala tano.

> Ni nadra kumkuta mtu aliyeagiza, akalipa, akaighairi oda, kisha akahesabu saa hadi pesa yake ikarudi.

Jaribio hili haliwezi kufanywa kwa pesa ya kuigiza peke yake, kwa kuwa ada za miamala ni za kweli na hubadilika. Wanaokumbuka tarehe 15 Julai 2021, tozo mpya ya miamala ya simu ilipoanza kukatwa, na mwezi Septemba mwaka huo huo ilipopunguzwa kwa asilimia 30, wanajua jinsi viwango viwezavyo kugeuka mara mbili ndani ya msimu mmoja. Na duka ambalo fundi wake aliandika ada kwa mkono ndani ya programu hukosea hesabu siku hiyo hiyo bila ya mtu kuligusa. Basi zitengwe shilingi elfu kadhaa, laini moja ya kila kampuni ya simu inayoshika hapa, na watu ambao si mafundi, mathalani karani wa chama cha ushirika (AMCOS), mama wa duka la dawa na dereva wa bodaboda, walipe na kughairi kwa simu zao wenyewe, wakiwa sokoni na si ofisini kwa fundi.

Lakini wasitumie majina na namba za wateja halisi zilizotolewa katika daftari la zamani la duka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haikuwaacha nje wafanyabiashara wadogo kwa sababu tu walikuwa katika majaribio.

Mizani ina mkaguzi

Kabla ya msimu wa pamba kufunguliwa, Wakala wa Vipimo hupita kukagua mizani ya vituo vya kununulia, huipima kwa mawe yenye uzito unaojulikana, na ile iliyo sahihi huwekewa alama. Mkulima hapeleki mzigo wake kwenye mizani isiyokaguliwa, na akiupeleka ana mahali pa kushitakia. Ukurasa wa malipo ni mizani nyingine, nao hauna jiwe wala alama.

Benki Kuu hutoa leseni kwa kampuni zinazopitisha malipo na kuzisimamia kwa sheria ile ya 2015. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huo huo nayo ina sehemu ya kumlinda mlaji. Lakini hayo huwafikia wakubwa wa katikati ya njia na huamua mashauri baada ya madhara. Duka lenyewe, lile la Malambo au la Somanda, likiunganishwa na mlango wenye leseni, hufunguliwa siku ambayo mwenyewe ameamua.

Wapo wanaopendekeza kwamba kampuni za kupitishia malipo zisimpe mfanyabiashara funguo za kupokea pesa halisi mpaka aoneshe kwamba amerudisha angalau muamala mmoja na kwamba duka lake halimtozi mtu mara mbili kwa oda moja. Kampuni hizo tayari hudai leseni ya biashara na namba ya mlipa kodi, kwa hiyo kuongeza sharti la tatu si jambo geni kwao. Wanaopinga husema litawakawiza wadogo na kuwarudisha kwenye picha za WhatsApp.

Mpaka hapo litakapoamuliwa, dhamana imo katika mkataba kati ya mwenye duka na fundi wake. Mikataba mingi ya namna hii hupatanwa kwa mdomo, nusu ya malipo mwanzo na nusu siku duka linapoonekana hewani. Mwenye duka anaweza kuigeuza ile nusu ya pili: ailipe siku ambayo shilingi 500 iliyokatwa kwa makusudi, mlango wa majawabu ukiwa umezimwa, imerudi katika simu ilikotoka.